Uso wa Yaya Kwenye Ukuta wa Mgodi

Kolwezi, Jumatano. Mvua imenyesha asubuhi, ikaacha, na vumbi letu jekundu limegeuka tope jekundu. Nina hasira tangu jana na sina pa kuiweka, basi naiweka hapa.

Yaya Fidèle, kaka yangu mkubwa, hasemi nami.

Mi ninajifunza kuchora kwa Tata Kabamba, karibu na soko. Yeye ndiye mchoraji wa kuta za mtaa wetu: vichwa vya saluni, kuku wa mgahawa, na zile picha za usalama ambazo kampuni za mgodi huweka mlangoni. Sisi wanafunzi tunapaka mbingu, ardhi na nguo. Nyuso anazichora mwenyewe, mwisho, sisi tukishaondoka. Kila mara anatuambia, "Chora muntu wenye unayua. Ile ingine ni uongo tu."

Ninayemjua mimi ni Yaya. Ameshinda mashimoni miaka akichimba, na hana subira ya kukaa bure, lakini Jumapili baada ya misa alikuwa anakaa nyuma ya nyumba, juu ya bidoo, dumu la maji, nimchore. Ana kovu kwenye nyusi, jiwe lilimpiga. Mchoro mmoja ulitoka vizuri kabisa, isipokuwa jicho la kushoto. Kila nikilifuta na kulirudia, linasinzia.

Kwetu atelye, kwenye karakana yake, mchoro ukikushinda unauacha kwenye meza ya Tata. Anausahihisha kwa chaki nyekundu, na asubuhi unaukuta. Nikauacha wa kwangu. Haukurudi. Nilipouliza, akasema, "Bado niko naiangalia, mama." Wasichana wote hutuita mama. Nikafurahi, mjinga mimi. Nilidhani umempendeza.

Jana Yaya alikwenda kuomba kazi kwenye kampuni moja nje ya mji. Amechoka na mashimo. Mama alimpigia pasi shati, akaondoka ananukia sabuni.

Ukuta wa mlango wa kampuni ile ninaujua. Mbingu yake nimeipaka mimi. Una wanaume wawili, na siku tulipoondoka hawakuwa na nyuso. Mmoja amevaa kaske, kofia ngumu, kichwani na viatu vizito, ndiye mfano mzuri. Wa pili yuko kichwa wazi chini ya jiwe linaloanguka, simu sikioni, amepigwa alama kubwa nyekundu ya kukatazwa.

Huyo wa pili sasa ni Yaya. Na kovu lake.

Nimesimuliwa baadaye pale mlangoni: watu waliopanga foleni ya kazi wakatazama ukuta, wakamtazama yeye. Mmoja akamuuliza, "Musye Danje, umekuya?" Yaani Bwana Hatari. Wakacheka mpaka mlinzi akacheka. Yaya hakufika mbele ya foleni. Alirudi nyumbani na makaratasi yake kwapani.

"Ulinichora juu batu banicheke?"

Hilo tu ndilo aliloniuliza. Mama alikuwa anatwanga majani ya sombe, akasimamisha mchi. Nikakimbia kwenda kuona.

Kilichoniuma zaidi, na naona haya kukiandika, ni kwamba jicho la kushoto liko sawa. Lile lililonishinda. Linakutazama kama Yaya anavyotazama akiwa karibu kucheka. Tata aliusahihisha mchoro wangu, ila hakunirudishia.

Leo asubuhi nimemfuata atelye. Bado nimemwita Tata, yaani baba, mdomo umeshazoea. Alikuwa anakoroga rangi na hakuacha kukoroga. "Ku atelye, uso haina mwenyewe," akasema. "Na iko muzuri, hapana?" Nilipoanza kulia akanionyesha kopo kwa kidevu. "Kama unataka kubadilisha, enda ubadilishe. Rangi ni ile pale." Alisema kama mtu anayenituma nifagie.

Mtu huyu amekula bukari kwetu. Amempa Yaya mkono. Alijua ni nani yule kwenye mchoro, alijua vizuri kabisa, na mimi nilimheshimu kuliko wajomba zangu.

Nimelibeba kopo. Kesho, kabla foleni haijapangwa, nitakuwa pale ukutani, na kovu litatangulia kufutika. Lakini nikimwacha yule mtu bila uso, wote waliocheka jana wataendelea kumwona Yaya. Anahitaji uso mwingine, wa mtu ninayemjua. Nimemfikiria Tata Kabamba. Niseme ukweli, nimelifurahia wazo hilo mchana mzima, hata ndevu zake nilishazianza. Kisha nikaacha. Uso hauna mwenyewe, si ndivyo alivyosema? Ningemchora bila kumwomba, ningekuwa mwanafunzi wake mwema.

Jioni Yaya amekula akiwa ameugeukia mlango. Mama akikasirika hurudi kwenye Kiluba chake cha Kasai, tunamcheka, yanaisha. Leo hakusema kwa lugha yoyote.

Basi nimemwomba kioo chake, nimekaa mezani, ninajichora mwenyewe. Shati la pale ni la mwanaume, watu watacheka. Wacheke. Uso huu sina wa kumwomba ruhusa.

Yaya amepita nyuma yangu sasa hivi akienda kulala. Amesimama, ameangalia kioo, ameangalia karatasi.

"Jicho ya kushoto iko inalala," amesema, akaenda zake.

Ni kweli, linasinzia. Ninalisahihisha mwenyewe.