Redio Yangu Pale Shimoni

Marahaba, mjukuu wangu Bhoke. Huku Nyakunguru tu wazima, na yule ng'ombe wako amezaa.

Eti unalia kwa sababu wanaume wa redioni hawataki mwanamke atangaze mechi za kufuzu Kombe la Afrika? Acha ujinga!

Nikiwa msichana, wachimbaji walinikataza kusogelea shimo, eti mwanamke anafukuza dhahabu. Siku Tanzania inacheza mechi ya kufuzu, redio yenye betri nzima ilikuwa yangu tu. Wakanililia, "Shemeji, tuletee redio!"

"Naileta, ila nakaa nayo hapo hapo shimoni."

Wakanipisha. Tulifungwa, lakini kesho yake nilishika sururu pale pale, na dhahabu haikukimbia.

Wewe unawajua wachezaji wote kwa majina, wanaume hao wa redioni hawawajui. Nenda ukakae hapo hapo kwenye kipaza sauti.

Bibi yako, Robi.