Risasi ya Pili

Koni, 4 Juni 2024

Papa mupenzi,

Jambo sana. Kifua kinakusumbua tena? Huku batoto beko salama. Minye apana.

Jimmy anataka kunifukuza. Ile bunduki uliyomupatia siku ya ndoa yetu, ya mitutu mbili, wa juu wa chembechembe, wa chini wa risasi moja moja, inamupotezea nyama. Risasi ya kwanza inaingia fasi anataka, ya pili na ya tatu zinapita juu. Juma iliyopita ya pili ilimukosa nguruwe wa pori, na ule nyama akamupasua muguu. Sasa baba yake mukubwa, Kabongo, anasema bibi akilala inje wakati bwana iko pori, bunduki inakataa. Niliuliza, mbona ya kwanza inakubali? Akajibu eti mwanaume wangu wa inje anangojea kusikia mulio wa kwanza ndiyo aingie. Bantu banacheka, Papa. Siku ya Mungu bakubwa banakutana, na nitatoka bila batoto. Weye ni ajusteur, unajua chuma. Nisaidie.

Mutoto wako,
Tania

Likasi, 6 Juni

Tania mama,

Jambo kwako na kwa bajukuu. Kifua tukiache. Merdi, dereva wa camion ya makala ya kupikia, alinipa barua, nikakimbia kwa Mzee Nicolas, fundi wa bunduki. Anasema mitutu imelehemiwa pamoja toka mwanzo mpaka mwisho. Ukipiga, wa chini unapata moto, unataka kurefuka. Wa juu ungali baridi, unaukatalia. Basi yote inajikunja kidogo, na risasi inapanda. Si weye. Ni moto.

Jimmy abandike karatasi ku kichuguu, apige tatu bila kupumuzika. Alafu angojee chuma ipoe kabisa, apige moja. Bakubwa baone kwa macho. Ninakuombea kwa magoti.

Baba yako

Koni, 10 Juni

Papa,

Unaamkaje? Muguu ya Jimmy inapona.

Jana alikataa mbele ya bakubwa. Kabongo alisema baba ya muke hakosi maneno. Basi nilibandika karatasi minye mwenyewe, nikasimama pembeni ya kichuguu, nikasema sitoki pale mpaka apige. Akapiga. Ya kwanza katikati. Ya pili kiganja kizima juu. Ya tatu haikugusa karatasi, na minye niko mbele ya macho yao bote. Ilipopoa, katikati tena. Kabongo alichukua kofia yake akaenda. Jimmy ameomba musamaha. Nimebaki na batoto wangu.

Lakini usingizi umekataa. Wakati ulimufukuza mama, uliwinda na bunduki hii hii. Nilikuwa na miaka ine. Uliniambiaka alipenda mwanaume mwengine. Ulimuona, Papa?

Mutoto wa Julie,
Tania

Likasi, 2 Septemba

Tania,

Usiulize afya yangu.

Sikumuona mutu. Nilikosa nyama mbili, baba yangu akasema maneno yale yale ya Kabongo, nikaamini. Nilimuuliza Nicolas alijua mambo ya ule moto toka lini. Toka ujana wake, alisema, ila sikumuulizaka.

Nimeenda Kambove kwa mama yako. Alinipa kiti. Alisikiliza yote, mitutu, moto, karatasi. Nikamwambia, Julie, sasa najua ulikuwa musafi.

"Minye nilijuaka," akasema.

Alafu akaendelea kumenya mihogo. Nilikaa mpaka camion ya kurudi.

Baba yako, kama ungali unaniita vile