Mayai Tisa Chini ya Shangazi

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu, na pole tena kwa msiba wetu. Natumaini mgongo umekupa nafuu na kazi ya zamu haikumalizi. Sisi wazima, ila nyumba imepwaya.

Uliniuliza kwenye simu mama aliagaje, nikakujibu aliondoka kwa amani. Nilikudanganya, na uongo ule umenikaa kooni kama mwiba.

Mama alipolazwa, nilihamisha banda la kuku wake nikaliweka nyuma, kwenye ukuta wa fundi wa kuchomelea mageti, ili nipate pa kuanika nguo. Niliona kuku ni kuku tu. Kumbe kutwa wanashtuliwa na nyundo, jua haliwafikii, na maji yao yanaingia vumbi la chuma. Hazikupita wiki mbili wakaacha kutaga, manyoya yakaanza kuwatoka. Jogoo wetu Mwenyekiti peke yake hakubadilika: kelele nyingi, kazi haba.

Mama alirudi amebaki mifupa. Swali lake la kwanza lilikuwa kuku wametaga mayai mangapi. Nilipomwambia hakuna, aligeukia ukutani akakataa uji. Kesho yake nikanunua mayai dukani, nikayapasha kwenye maji ya uvuguvugu, nikayapanga kiotani. Kwa macho yake yenye mtoto wa jicho hakuyatofautisha. Nilimshika mkono hadi bandani, akayapapasa, akacheka. Siku hiyo alimaliza uji akaomba mwingine. Basi nikaendelea kila asubuhi. Ungekuwa wewe, kaka, ungeacha?

Sikujua kwamba mengine anayaweka akiba. Yule kuku mzee tunayemwita Shangazi, kwa kuwa humfokea kila mtu, alikuwa ameanza kuatamia, na mama akamwekea mayai tisa. Aliniambia vifaranga hivyo ni vyako, ili ukirudi ukute mifugo yako mwenyewe. Mayai ya dukani, kaka, ya kuku wasiomjua jogoo! Nilichukua beseni nikaenda kuanika nguo.

Alihesabu siku kwa mafundo ya uzi. Ya ishirini na moja akaketi kwenye kigoda mbele ya banda, ametega sikio. Ya ishirini na mbili, vilevile. Ya ishirini na tano alitazama viganja vyake akasema tangu azaliwe hajawahi kuweka mayai yakakataa yote, kwa hiyo mkono wake umeshakufa, na yeye yuko njiani kuufuata. Nilikuwa nimesimama pale pale na beseni la nguo. Maneno machache yangetosha: mama, si mkono wako, ni mimi. Niliona haya. Hakula tena, na siku ya nne akatutoka.

Baada ya mazishi nilirudisha banda mahali pake, kwenye jua na utulivu, nikawa nawabadilishia maji kila siku. Leo, wiki ya tatu, nimekuta mayai matatu, yao kweli, bado ya moto. Nimeyashika nikalia hadi jirani akaja kuuliza kulikoni.

Shangazi bado anayalalia yale tisa. Amekonda, na ukimsogelea anakudonoa. Najua inabidi nimtoe, lakini mama ndiye aliyeyaweka kwa mkono wake, na mimi sithubutu.

Ukiweza kunisamehe, niandikie. Usipoweza, niandikie pia. Shemeji na watoto wape mkono wangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba