Ufunguo ya Moto Yenye Uliuzisha

Mupendwa yaya, kaka yangu mukubwa,

Telefone yako haipiti. Nimejaribu kwenye kilima, nimejaribu juu ya ukuta ya jirani mpaka akanifukuza na fagio. Basi ninaandika, na ninaandika wazi, bila kufunga bahasha, juu dereva mwenye anaibeba kwenda Salamabila ataisoma hata nikiifunga. Aisome. Wachimbaji wote wa zahabu waisome. Wakucheke kwanza, kisha wakupatie.

Nilikuwa na neno moja tu ya kukuambia: nimeelewa. Ile kitu ulinipigia kelele siku unaondoka, nimeielewa wiki hii, chini ya benchi, tumbo kwenye maji machafu ya balenyeri, ile mashua kubwa ya kapiteni.

Ngoja, nianze vizuri. Mimi kuanza vizuri siwezi, unanijua.

Unakumbuka ile safari ya Kabambare na moto, ile piki-piki yako, tunaenda kwa dada yetu? Mimi nyuma, kuku wawili kwenye mapaja, wewe mbele unaimba vibaya. Kwenye ile mupando yenye mawe nikakuambia, "Yaya, ufunguo haiko!" Ukaangalia: kontakti, pale ufunguo inaingia, imebaki tundu tupu, ufunguo imeruka, na moto inanguruma tu kama vile haijaona kitu. Ukacheka mpaka kuku wakaogopa. "Hii moto haiitaji ufunguo kwa kutembea, inaiitaji kwa kusimama!" Tukarudi nyuma kwa miguu kuitafuta kwenye majani, na moto tukaiacha inanguruma peke yake katikati ya njia, juu tuliogopa tukiizima na nyuzi isiwake tena. Niliiona mimi. Ukaifunga na kamba nyekundu ya kiatu yako.

Kisha ukauzisha moto. Bila kuniambia. Siku unaenda Salamabila ulikuwa umeshapanda nyuma ya mwenzako, mufuko kwenye mugongo. Mimi nimekaa mulangoni, nimekupa kisogo kwa hasira. Ukanitupia ufunguo kwenye mapaja na kupaza sauti:

"Mudogo! Siku frigo ya kapiteni inakataa, uanze na moto! Unasikia? Moto!"

Nilisikia. Sikugeuka hata kukuangalia. Nikabaki na ufunguo ya kitu yenye hatuna tena, nikasema moyoni unanichezea. Siku tatu nyuma yake mununuzi akafika anatoa povu: "Kaka yako aliniuzishia moto bila kontakti! Ninaiwasha na nyuzi kama mwizi!" Nikamuambia kontakti aende kuichimba Salamabila. Sikujiuliza, yaya. Mutu anaweza kutoa kontakti kwenye moto aipeleke wapi? Sikujiuliza hata kidogo.

Tangu uende, fundi ya ile frigo ya jua yenye ulifunga kwenye balenyeri ya kapiteni ni mimi. Hakuna mutu alinifundisha, nilijifunza kwa kufungua redio za watu na kubakiza visi, zile skrubu, kwenye mukono. Wiki hii tulikuwa tunapanda mto Lualaba kutoka Kibombo kwenda Kasongo. Ndani ya frigo kulikuwa chanjo ya surua, ya watoto ya Kabambare. Mama muganga mwenye alikuwa anaisindikiza alikaa pembeni yake kama mutu anachunga mugonjwa, na kipimajoto yake yenye waya inatoka inje. Kutoka digrii mbili mpaka nane, njo vile alinieleza. Ikipita nane, anatupa yote. Na mutoto ya dada yetu, wewe haujamuona bado, alikuwa kwenye ile foleni ya Kabambare. Anaitwa jina yako. Majirani zake wawili walikuwa wameshashikwa na surua.

Katikati ya mto, frigo ikakataa. Kompresa inafanya *tik*, inataka kuamuka, inalala. *Tik*, inalala.

"Tano," mama muganga akasema.

Nikakumbuka wewe. Anza na moto! Sasa yaya, kwetu huku piki-piki ni moto, ya jikoni ni moto, na kitu yenye inachoma mukono tunasema iko moto. Mimi nilishika ile ya kuchoma. Nikaanza kupapasa. Kompresa: baridi. Nyuzi: baridi. Fizi, ile fyuzi ya kulinda nyuzi, nikaitoa, nzima, nikairudisha. Batri nikapima, volti kumi na mbili na nusu, mupya kabisa. Pano ya sola juu ya paa inakula jua vizuri. Natafuta moto, naona baridi kila pahali, isipokuwa pale yenye tunaitaka!

"Sita na nusu."

Kapiteni akanipigia kelele kutoka nyuma, "Eh fundi! Uko unaitibu ao unaikanda? Ile frigo ilifungwa na kaka yako, na kaka yako alikimbia!"

"Hakukimbia!"

"Basi yuko wapi?"

Ile ilinichoma. Nilitaka kumutupia turnavisi, ile bisibisi yangu. Nikarudia kupima, safari hii pale nyuzi zinaingia kwenye frigo, nikangojea ile *tik*. Volti kumi na mbili… *tik*… nane! Kisha kumi na mbili tena. Kama mutu mwenye anakusalimia vizuri, lakini ukimuomba akushikilie anaachilia. Nikaruka! Batri ni nzuri, frigo ni nzuri, ugonjwa iko kwa njia. Kuko pahali kati yao nguvu inakwama.

Nikafuata nyuzi na vidole. Zikapita nyuma ya mifuko ya muchele, zikaingia chini ya benchi, na juu ya benchi kulikuwa mama moja wa kuuzisha samaki, mukubwa, na vitunga vyake vitatu.

"Mama, tafazali, simama kidogo."

"Sisimami. Hii nafasi nimeikalia tangu Kibombo."

"Mama, ni juu ya chanjo ya watoto."

"Saba na nusu!" mama muganga akalia, sauti imepasuka.

Yule mama akasimama, tena akanyanyua vitunga yeye mwenyewe. Nikalala kwenye maji. Mukono ikaenda, ikaenda, ikagusa kitu ya chuma, ya muviringo, imepigiliwa misumari kwa ubao. Katikati tundu ndogo, ndefu.

Yaya. Ile tundu vidole vyangu vinaijua.

Nililia pale pale, na nikacheka, na nikakutukana. Ulitoa kontakti ya moto yako ukaiweka kuwa suishi ya kuwasha na kuzima frigo, ukaificha ili watu wa balenyeri wasiizime kwa kuchaji telefone zao! Uliiacha imewaka na ukatoa ufunguo, juu ile kontakti ilichakaa, ufunguo inatoka hata kitu ikinguruma. Na maji ya chini iliingia polepole ikala chuma yake ya ndani. Uliniambia. Moto! Ulinipa na ufunguo. Ni mimi nilikuwa nimegeuka.

Kamba nyekundu ilikuwa kwenye shingo yangu. Nikaingiza ufunguo, ikakwaruza. Nikazima, nikawasha, nikazima, nikawasha, mara ngapi sijui, kusudi kutu itoke. *Tik*. Kisha… ile sauti. Mmmmmm. Unaijua ile sauti.

"Frigo ya kuwasha na ufunguo!" mama wa samaki akasema. "Sasa inaenda wapi?"

Balenyeri yote ikacheka, hata kapiteni. Mama muganga peke yake hakucheka, macho yake ilikuwa kwenye kipimajoto. Saba na nusu. Saba na nusu. Saba na nusu, ee yaya, ile namba ilikaa pale kama imepigiliwa misumari nayo! Kisha saba. Akanishika kichwa na mikono miwili.

Nilikata kontakti yako, nikaunganisha nyuzi moja kwa moja, nikafunga vizuri. Usikasirike, kazi yako ilikuwa nzuri ila maji haisikilizi mutu. Chanjo ilifika Kasongo ikipima nne, ikapanda moto kwenda Kabambare. Jana dada alipata rezo kidogo ya telefone, nikasikia mutoto analia nyuma. "Wamemuchoma sindano asubuhi," dada anasema, "anapiga kelele kama yule mwenye jina."

Ndio, tunauliza pahali uko. Kila mutu anauliza. Kapiteni aliniambia pale bandarini, pole pole, "Mwambie kaka yako nilisema vibaya." Sasa nitamuambia wapi? Ninazunguka tu, siwezi kukaa, ninafungua vitu ambavyo havijaharibika.

Kontakti niko nayo. Niliiosha na esanse, mafuta ya moto, iko kwenye mufuko yangu, na ufunguo iko ndani yake. Sikuigeuza kuizima, yaya. Ukirudi, hata bila zahabu, hata bila moto, paza sauti kwenye njia. Safari hii nitakuwa nimekaa nikiangalia kule unatokea.

Tembea vizuri mpaka hapa,

Mudogo wako, mwenye alikupa kisogo