Chumvi Kwenye Chujio

Kidodi,
17 Septemba 2025

Kaka Saibulu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Masanze, wewe na wifi Naomi. Ng'ombe uliowaacha huku kwa wachungaji hawajambo. Sisi nasi tunapumua, na siku hizi nikisema hivyo sitanii. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningekata kabla sijafika mwisho.

Kazi yangu unaijua: kulinda mashine ya kunyonya hewa karibu na mto, kubadili karatasi ya chujio kila asubuhi na kupeleka zilizotumika, kwenye bahasha, Mikumi kwa Daktari Anastazia anayezipima. Wewe huniita mchunga upepo.

Daktari alinieleza kwamba upepo wa mashariki huleta mpaka huku chembe za chumvi ya bahari, ndogo hata hazionekani. Moshi wa mashamba ya miwa ukizikuta, sehemu ya gesi zake hunata kwenye chumvi, na watu hudhani hewa imesafika. Kesho yake jua likipiga, gesi hizo hufumuka tena na hewa huchafuka mara ya pili, ilhali moto ulishazimika. Ndiyo maana Beatrice wangu hubanwa kifua mchana, majirani wakiniambia moshi uliisha jana. Mwezi wa saba alibanwa mpaka midomo ikabadilika rangi. Sijawahi kuogopa vile, kaka.

Bwana Abeli, mwenyekiti wa wakulima wa miwa, alisema hawataacha kuchoma siku za upepo huo mpaka aonyeshwe hiyo chumvi. Mwezi wa nane Daktari akamwonyesha, tena nyingi kuliko alivyotegemea mwenyewe. Wakulima wakakubali shingo upande. Wiki tatu mwanangu alicheza nje.

Kisha Abeli akaona alama za kwato kando ya uzio wa mashine, na mabaki ya chumvi uliyowaachia ng'ombe walambe. Akasema bahari imesingiziwa, chumvi ni ya wafugaji. Chumvi yako nayo ilitoka pwani, kwa hiyo Daktari hakuweza kuitofautisha. Ujumbe wako wa kuomba radhi nimeupata. Nilisikia pia kwamba Ijumaa hii kikao cha kijiji kingeamua mifugo yako ifukuzwe mtoni, na kwa kiangazi hiki sijui ungeipeleka wapi.

Usiombe radhi. Ng'ombe wako walilamba chini, na mashine hunyonya hewa juu ya mlingoti. Chumvi ile niliiweka mimi. Niliisaga ikawa laini, nikaipuliza juu ya karatasi kwa kinywa changu, asubuhi nyingi, tangu Abeli aliposema aonyeshwe. Halafu nikakaa kimya siku sita wakikulaumu wewe. Naona aibu kuandika hivi.

Jana nilikwenda Mikumi nikamwambia Daktari. Hakunifokea, angefoka ningeshukuru. Aliuliza ni bahasha zipi. Sikuwa nimeziwekea alama, na sikukumbuka. Akatoa majibu ya karatasi nne alizobadili yeye mwenyewe mwezi wa sita, kabla hajaniajiri. Chumvi ya bahari ilikuwemo. Kidogo, lakini ya kweli. Alisema angekuwa na miezi miwili ya karatasi za namna ile, Abeli asingekuwa na la kujibu. Sasa zote zilizopita mikononi mwangu zinatupwa, na nne peke yake hazitoshi.

Leo asubuhi nimemweleza Abeli pia, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kwa hiyo mifugo yako inabaki mtoni. Mimi kazi sina. Jumatatu wanaanza kuchoma tena, upepo uvume usivume.

Naomba wifi ampokee Beatrice akae kwenu mpaka mvua zianze. Nitamleta Jumapili. Akikuuliza kwa nini hawezi kurudi nyumbani, usimwambie ni moshi; mwambie ni mimi.

Nisalimie wifi, na wote watakaotaka bado kusalimiwa na mimi.

Mdogo wako,
Rutha