Asubuhi niliyonyamaza

Jumanne, Pinga

Wamefunga namba yangu ya simu, siku nzima. Kampuni ya ujumbe, huko mbali, inasema nimewatumia watu wengi ujumbe wa sauti moja, kwa hiyo nafanana na mudanganyifu. Nimevunja kanuni.

Kanuni za nani? Wakubwa wa kampuni waliketi na serikali za inchi kubwa, wakapatana kati yao. Kutoka Pinga nani aliitwa? Sisi tulibonyeza tu "nakubali", chini ya maneno ambayo hatukuweza kusoma.

Ndiyo, ni sauti moja. Kila asubuhi, kutoka dukani, naambia wamotari, wanaobeba watu kwa pikipiki, ni upande gani wenye bunduki wako. Niseme na kila mumoja maneno yake?

Tumezoea hivi: kukiwa hatari, nasema. Nikinyamaza, njia iko muzuri.

Leo kulikuwa hatari, na nilinyamaza.

Nilikimbia mpaka kwenye kituo cha pikipiki. Papa Paluku, mumoja wa wamotari, alikuwa ameisha kuondoka, na muke wake nyuma.

Muke amerudi kwa miguu, peke yake, na koti la bwana wake lenye damu. Hakunitukana. Alisema tu: "Mama, tulingojea sauti yako. Haikukuja, ndiyo tukashukuru Mungu, tukaenda."