Lenzi Aliyoibakiza Baba

Dada yangu,

Huko mnaendeleaje? Shemeji kapona kikohozi? Huku wazima, ila mimi situlii, nakaa nasimama.

Ulisema nimsaidie baba kuchagua zile lenzi za zamani za kuzungusha kwa mkono mpaka picha ionekane safi, zipi abaki nazo na zipi auze. Tumezipanga kwenye meza ya studio. Zile nzuri, zinazozunguka laini, zote kazitenga za kuuza. Kabakiza moja tu, ile iliyobonyea mdomo. Mnunuzi kacheka, "Mzee, unanipa nyama unabaki na mfupa?" Baba kamjibu, "Mfupa wangu, meno yangu."

Mimi nikanyamaza, unanijua. Lakini nimeona. Ile lenzi kaizungushia tepu isisogee, na stuli ya wateja kaipigilia misumari sakafuni. Mteja akikaa pale, picha inatoka safi bila baba kuzungusha wala kulenga chochote.

Juzi nikakaa mimi, taa zote zinawaka. Nikamtolea ulimi, mrefu. Baba akasema, "Hapohapo mwanangu, tabasamu hivyohivyo." Akapiga.

Nimemwambia mnunuzi asubiri kwanza, na lenzi nimezirudisha kabatini. Baba kaninunia. Mimi siwezi kumwambia akapimwe macho, nikianza tu mdomo unakauka. Wewe anakusikiliza.

Picha nimeiweka humu kwenye bahasha. Iangalie, hata ulimi umetoka vizuri. Lenzi haina shida yoyote, dada. Njoo.

Ni mimi mdogo wako, Bubu wenu.